Nani ameipima mizani? Jinsi leza ya ardhini inavyohakiki darubini za miale ya kosmiki

Msimu uliopita wa pamba nilikwenda kwenye kituo kimoja cha ununuzi kurekodi sauti za wakulima kwa ajili ya kipindi cha asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu. Mzee mmoja alifika na mkokoteni wa ng'ombe, na juu ya mizigo yake ya pamba alikuwa ameweka mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa. Zamu yake ilipofika hakuanza na pamba. Aliweka saruji kwenye mizani.

Kila mtu pale alijua mfuko wa saruji una kilo 50. Mizani ikasoma 46.

Karani akasema huenda mfuko umepungua. Mzee akamjibu kwa upole, "Basi, mwanangu, tuupeleke dukani ukapimwe huko." Hakukuwa na haja ya kwenda. Mizani ikabadilishwa, na waliokwisha kupimiwa asubuhi ile wakaanza kudai warudiwe.

Nimelikumbuka tukio hilo kwa sababu ya ujumbe tuliopokea baada ya kipindi chetu cha sayansi. Tulizungumzia chembe ndogo kuliko vumbi zinazoipiga dunia kutoka mbali sana angani, na jinsi wanasayansi wanavyotaka kuzihesabu kwa darubini zilizowekwa juu ya dunia. Msikilizaji mmoja akaandika: "Hao wanaosema wameiona hiyo chembe, nani amewapimia mizani yao?"

Swali ni zuri, na jibu lipo. Wanasayansi nao wana mfuko wao wa saruji, nao ni mwanga wa leza unaorushwa kutoka ardhini au kutoka kwenye helikopta. Katika makala haya tutaeleza unavyofanya kazi, na kinachotokea pale ambapo mizani haikuhakikiwa vya kutosha.

Kwanza, miale ya kosmiki ni nini?

Jina linasema "miale," lakini si mwanga kama wa jua. Ni chembe, nyingi zikiwa viini vya atomu, zinazosafiri angani kwa kasi inayokaribia ile ya mwanga. Aliyethibitisha kwamba zinatoka juu ni Victor Hess wa Austria. Tarehe 7 Agosti 1912 alipanda kwa puto hadi zaidi ya mita 5,000, kimo kisichopungua sana kile cha kilele cha Kilimanjaro, akiwa na vifaa vya kupimia mionzi. Kadiri alivyopanda juu, ndivyo vipimo vilivyoongezeka. Kama mionzi yote ingekuwa inatoka ardhini, ingepaswa kupungua. Mwaka 1936 alipewa Tuzo ya Nobel.

Chembe hizi zinapogonga hewa ya juu huvunja atomu za hewa. Vipande vyake huvunja atomu nyingine, na hizo nyingine tena, mpaka mvua nzima ya chembe inashuka. Ukinyoosha kiganja chako sasa hivi, takriban chembe moja ya mvua hiyo inapita ndani yake kila sekunde. Huisikii, na imekuwa hivyo tangu kabla binadamu hajakuwepo.

Nyingi ya chembe hizo zina nguvu ndogo, lakini chache sana zina nguvu isiyo ya kawaida. Tarehe 15 Oktoba 1991, darubini moja katika jimbo la Utah, Marekani, iliona mvua iliyoanzishwa na chembe moja tu yenye nguvu ya kuinua mfuko wa sukari wa kilo tano kutoka sakafuni hadi kimo cha mita moja. Fikiria nguvu hiyo yote ikiwa imebebwa na kitu kidogo kuliko atomu. Hakuna mtambo wowote uliojengwa na binadamu unaoweza kuisukuma chembe moja hivyo.

Tarehe 27 Mei 2021, huko huko Utah, ilionekana nyingine inayoikaribia, ikapewa jina Amaterasu, mungu wa kike wa jua katika mapokeo ya Wajapani. Walipofuatilia upande ilikotoka, walikuta sehemu ya anga yenye galaksi chache sana. Hadi leo haijulikani ni kitu gani kilichoirusha.

Kwa nini wapande juu?

Tatizo ni uchache wake. Chembe zenye nguvu ya kiwango hicho hazifiki hata moja kwa kila kilomita ya mraba katika miaka 100. Ukikaa shambani kwako kuisubiri, wewe, mwanao na mjukuu wako mnaweza kumaliza zamu zenu bila kuiona.

Njia mojawapo ni kutega eneo kubwa. Huko Argentina, karibu na mji wa Malargüe, kuna kituo cha Pierre Auger. Kina zaidi ya matangi 1,600 ya maji yaliyosambazwa nyikani, kila moja likiwa na lita 12,000 na likiwa umbali wa kilomita moja na nusu kutoka kwa jirani yake. Eneo lote ni kilomita za mraba 3,000 hivi. Ukiziunganisha Unguja na Pemba, bado kituo hicho kinazizidi kidogo.

Njia nyingine ni kupanda juu na kutazama chini. Mvua ya chembe inaposhuka, huifanya nitrojeni iliyo hewani itoe mwanga hafifu wa urujuanimno, ambao macho yetu hayauoni. Darubini iliyo kilomita 400 juu ya ardhi, yenye jicho pana, inaweza kutazama kwa mara moja eneo linalozidi kilomita za mraba laki moja. Hizo ni Rwanda kadhaa zikipangwa pamoja. Ndiyo maana wanasayansi kutoka nchi nyingi wameungana katika mpango unaoitwa JEM-EUSO, wenye lengo la kuweka darubini ya namna hiyo juu ya dunia.

Lakini kutoka juu kuna vitu vingi vinavyong'aa. Kuna radi, vimondo, taa za miji na za viwanja vya ndege, mwanga wa mwezi juu ya mawingu. Mvua ya chembe yenyewe hudumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ili kuiona, kamera za mpango huu hupiga picha 400,000 kwa sekunde moja. Sasa kamera ikileta kamstari kadogo ka mwanga, utajuaje kwamba ndiyo chembe yenyewe? Na utajuaje ilikuwa na nguvu kiasi gani?

Leza inavyofanya kazi ya mfuko wa saruji

Washa tochi usiku mahali penye vumbi au moshi. Mwanga wake unauona ukiwa umesimama pembeni, ingawa tochi haikuelekezwa kwako. Vumbi ndilo linaloutawanya mwanga na kukuletea kidogo machoni. Leza ikirushwa angani hufanya hivyo hivyo. Hewa yenyewe, pamoja na vumbi na ukungu uliomo, hutawanya sehemu ndogo ya mwanga wake kila upande. Darubini iliyo mbali huona mstari unaokimbia kwa kasi ya mwanga, karibu sawa na mvua ya chembe inavyokimbia.

Tofauti ni kwamba mvua ya chembe hujileta yenyewe bila taarifa, wakati leza tunaijua. Inarushwa kutoka mahali panapojulikana kwa vipimo vya GPS, saa na sekunde zinazojulikana, kuelekea upande uliochaguliwa. Kila inapofyatuka, kifaa kilicho pembeni yake hupima imetoa nguvu kiasi gani. Rangi yake pia huchaguliwa iwe ya urujuanimno, sawa na mwanga wa mvua ya chembe.

Hapo darubini huulizwa maswali manne, na majibu yake yanajulikana kabla. Je, umeuona mstari? Ulielekea wapi? Ulikuwa na nguvu kiasi gani? Na hewa ya leo ni safi, au ina ukungu unaokufichia? Darubini ikisema mstari ulielekea kaskazini wakati leza ilielekezwa magharibi, kuna kosa. Ikisema nguvu ni nusu ya ile iliyopimwa, kuna kosa. Kosa likishajulikana, hesabu zinaweza kurekebishwa.

Swali la hewa ni muhimu kuliko linavyosikika. Ninyi mnaoishi maeneo yanayochomwa mashamba mwishoni mwa kiangazi mnajua mlima unavyoweza kupotea kwenye moshi ingawa haujahama. Darubini nayo hupotelewa hivyo. Chembe yenye nguvu kubwa ikionekana kupitia ukungu itafanana na chembe dhaifu. Ndiyo sababu kituo cha Argentina kina leza karibu na katikati ya eneo lake, na usiku darubini zinapofanya kazi, kila robo saa leza hiyo hurusha mfululizo wa miale 50 kwenda juu.

Tukubali pia kwamba leza haifanani na mvua ya chembe kwa kila kitu. Mvua hukua, hufika kilele, kisha hufifia. Leza hupungua tu kadiri inavyokwenda. Mvua hushuka, leza ya ardhini hupanda. Saruji nayo si pamba, lakini kilo zake zinajulikana, na kwa kazi ya kuhakiki mizani hilo linatosha.

Usiku wa helikopta, Canada

Kwa miaka mingi leza zilipimwa na darubini zilizo ardhini, zikitazama kwa pembeni. Kutazama kutoka juu ni jambo jingine, na lilijaribiwa kwa puto kabla ya kupeleka kifaa ghali angani.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2014, shirika la anga la Ufaransa, CNES, lilirusha puto kubwa kutoka Timmins, katika jimbo la Ontario, Canada. Puto hilo lilibeba darubini iitwayo EUSO-Balloon hadi kimo cha kilomita 38 hivi, zaidi ya mara tatu ya kimo cha ndege za abiria. Usiku ulichaguliwa kwa makusudi: mwezi ulikuwa mwandamo, anga giza.

Chini ya puto iliruka helikopta. Ndani yake kulikuwa na leza ya urujuanimno na taa za kumweka. Rubani aliifuata njia ya puto, kilomita nyingi chini yake, huku leza ikirushwa kwa ulalo.

Ulalo huo una sababu yake. Leza ikielekezwa juu moja kwa moja kuelekea darubini, darubini ingeona nukta tu. Ni sawa na kutazama mshale unaokujia usoni. Ukipita mbele yako kwa upande, unauona urefu wake wote.

Darubini iliinasa mistari ya leza mara mamia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa darubini ya aina hii, ikitazama kutoka juu kwenda chini, kuona mistari inayofanana na mvua za chembe. Hapakuwa na chembe mpya iliyogunduliwa usiku ule, na hilo halikuwa lengo. Mizani iliwekewa saruji ikasoma saruji. Asubuhi darubini ilishuka na kutua ziwani, ikaopolewa.

"Hapana" yenye thamani

Hatua iliyofuata ilikuwa puto la NASA lililotengenezwa kuruka kwa muda mrefu. Kabla ya safari, mwaka 2016, darubini ya EUSO-SPB1 ilipelekwa kwenye jangwa la Utah. Leza iliwekwa mbali nayo na kurushwa angani tena na tena, ikiongezwa na kupunguzwa nguvu, ili kujua ni mwanga hafifu kiasi gani ambao kamera bado ingeutambua.

Mwishoni mwa Aprili 2017 puto likaruka kutoka Wanaka, New Zealand. Matarajio yalikuwa kukaa juu hadi siku 100. Puto likavuja, na baada ya siku 12 safari ikaishia Bahari ya Pasifiki. Darubini ilizama. Katika data iliyokwisha kutumwa kwa mawasiliano ya setilaiti, hapakupatikana mvua hata moja ya chembe.

Mtu anaweza kusema ni hasara tupu. Lakini kumbuka Utah. Kwa sababu kamera ilikwisha kupimwa kwa leza, watafiti waliweza kukokotoa ni chembe ngapi zilipaswa kuonekana kwa muda mfupi ule. Jibu lilikuwa chini ya moja. Kwa hiyo kutoona kitu kulilingana na hesabu. Mizani isiyohakikiwa ikisoma sifuri, hujui kama hakuna mzigo au imeharibika. Iliyohakikiwa ikisoma sifuri, sifuri hiyo ni habari.

Darubini ya pili, EUSO-SPB2, nayo ilipelekwa Utah kwa majaribio ya leza, kisha ikarushwa kutoka Wanaka tarehe 13 Mei 2023. Puto lilivuja tena. Safari ilidumu kama saa 37, ikaishia baharini. Mara mbili kazi ya miaka imezama, na mara zote mbili majaribio ya ardhini ndiyo yaliyoipa thamani data iliyookolewa.

Mwanga wa Minnesota

Sasa tutazame upande wa pili. Tarehe 28 Aprili 2016 Urusi ilirusha setilaiti iitwayo Lomonosov, ikiwa na darubini ya TUS. Hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuwekwa kwenye mzunguko wa dunia kwa ajili ya kutafuta chembe hizi kwa kutazama mwanga wao hewani.

Mapema katika safari kulitokea hitilafu. Sehemu ya vihisi vyake vya mwanga iliharibika, na vilivyobaki havikuwa tena na usikivu ule uliopimwa ardhini.

Kisha, tarehe 3 Oktoba 2016, TUS ikiwa juu ya jimbo la Minnesota, Marekani, ilinasa mwanga wa kushangaza. Ulikimbia kama mvua ya chembe inavyokimbia, na ukapanda na kufifia kama mvua inavyofanya. Walipokadiria nguvu yake, ilitoka kubwa kuliko ya chembe yoyote iliyowahi kurekodiwa.

Je, tushangilie? Watafiti wenyewe walisita. Vihisi havikuwa vya kuaminika kama awali. Nguvu iliyokadiriwa ilikuwa kubwa mno kulinganisha na yale ambayo vituo vya ardhini vimeona kwa miaka mingi. Na chini ya setilaiti kulikuwa na shughuli za binadamu zenye taa za kila aina. Walichapisha walichokiona pamoja na mashaka yao, na suala hilo limebaki hapo. Huenda ni chembe ya ajabu. Huenda ni taa ya mtu.

Hapo ndipo uzito wa jambo hili ulipo. Kifaa kinaweza kuona kitu cha kweli kabisa, na bado kisiaminike, kwa sababu wakati ule hapakuwa na kipimo kinachojulikana cha kukilinganisha nacho.

Leo hali ikoje?

Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kuna darubini ndogo ya mpango huu huu, Mini-EUSO, iliyopelekwa Agosti 2019. Inatazama chini kupitia dirisha linalopitisha mwanga wa urujuanimno, kwa lenzi zenye upana wa sentimita 25. Ni ndogo mno kuona chembe za kawaida za kundi hili, lakini inachora ramani ya mwanga wa dunia usiku, inahesabu vimondo na kutazama radi. Nayo imehakikiwa kutoka ardhini: mwaka 2021 huko Italia, watafiti waliwasha taa maalumu ya urujuanimno wakati kituo kikipita juu yao, na darubini ikaiona.

Kwa darubini kubwa, ambayo bado haijarushwa, mpango wa JEM-EUSO ulichora mtandao wa vituo vya ardhini sehemu mbalimbali za dunia, vyenye taa za kumweka, na baadhi yake vikiwa na leza. Kila darubini inapopita juu ya kituo usiku wenye anga safi, inapimwa upya. Kifaa kilichoko angani hakirudi karakana. Vioo huchakaa na vihisi huchoka, kwa hiyo kipimo cha siku ya kwanza hakitoshi kwa mwaka wa tatu.

Je, leza hizo ni hatari?

Wasikilizaji wengine wameuliza hilo. Kazi hizi hufanywa maeneo yasiyo na watu wengi, kwa mpangilio na mamlaka za anga ili ndege zisipite kwenye njia ya mwanga.

Hatari iliyo karibu nasi zaidi ni vile vijileza vya mkononi vinavyouzwa minadani, ambavyo watoto huvichezea. Mwanga wake unaweza kuumiza jicho kabisa. Usimwelekezee mtu, dereva wa bodaboda, wala ndege. Rubani anayetua usiku akipigwa na mwanga huo anaweza kushindwa kuiona njia kwa sekunde chache, nazo zinatosha kuleta maafa.

Tumjibu msikilizaji wetu

Uliuliza nani amewapimia mizani yao. Wanajipimia wenyewe, lakini kwa kitu ambacho yeyote mwenye vifaa anaweza kukihakiki: mwanga uliopimwa, kutoka mahali panapojulikana, kwa saa inayojulikana. Na pale kipimo kilipokosekana, kama juu ya Minnesota, wamesema wazi kwamba hawana uhakika.

Mzee wa pamba hakuwa na ugomvi na karani. Alitaka tu, kabla ya jasho la mwaka mzima kugeuzwa tarakimu, mizani ijibu kwanza swali ambalo jibu lake analijua. Siku utakaposikia redioni kwamba darubini ya angani imeona chembe yenye nguvu kuliko zote, nawe uliza: iliwahi kuwekewa saruji?